Kijana Akipotoka, Ni Kosa la Mama?

Kijana akikamatwa kwa wizi, majirani huuliza upesi: "Kwani mama yake alikuwa wapi?" Nasi akina mama tunalibeba swali hilo moyoni na kujilaumu usiku kucha. Je, ni haki?

Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watu 1,037 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, tangu wakiwa wadogo. Mwaka 1993, mwanasaikolojia Terrie Moffitt alieleza kwamba vijana wakosaji si wa namna moja. Wengi huanza makosa wanapobalehe, kwa kuiga wenzao, kisha huacha wanapokomaa. Wachache huanza utotoni na kuendelea hadi ukubwani.

Watu hao walipofika miaka 45, picha za ubongo za 672 kati yao zilichunguzwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2020. Kwa wale wachache wenye makosa ya kudumu, gamba la nje la ubongo lilikuwa dogo kwa eneo na jembamba zaidi. Waliokosa ujanani tu hawakuonyesha tofauti hiyo. Hata hivyo, picha zilipigwa ukubwani. Haziwezi kutuambia kama ubongo ndio ulioleta makosa, au maisha magumu na ulevi ndivyo vilivyoubadili ubongo. Basi tusikubali mtoto yeyote aitwe "mwizi wa kuzaliwa".

Mambo yanayomweka mtoto hatarini yanajulikana: kupigwa kikatili, kutojaliwa, umaskini, ugumu wa kujifunza, na kushindwa kujizuia tangu utotoni. Mengine yamo mikononi mwetu, mengine hayamo.

Tufahamu pia kwamba sehemu ya mbele ya ubongo, inayomsaidia mtu kupima matokeo na kujizuia, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Kijana wa miaka 15 aweza kujua vizuri kuwa jambo ni baya, na bado akalitenda mbele ya rafiki zake.

Basi tufanye nini? Mtoto wa miaka minne au mitano akiwa anaumiza wenzake kila siku na haonyi huruma, tusiseme, "Atakua tu." Tuzungumze na mwalimu wake, tumpeleke kliniki, tuhakikishe anasikia na kuona vizuri. Tusimpige kwa hasira, kwani kipigo humfundisha kupiga. Tuweke sheria chache nyumbani, nazo zifuatwe leo na kesho. Na baba naye ashiriki, maana malezi si kazi ya mama peke yake.

Kijana akishakosa, akubali kosa lake na arudishe alichochukua. Lakini tusimfungie mlango. Wengi wa umri wake huacha, na huwa rahisi zaidi kuacha wakiwa bado wana kwao pa kurudi.