Viatu vya Inchi Tatu: Jinsi Wachina Walivyoiacha Desturi ya Kufunga Miguu

Katika nyumba za makumbusho za China, na hata za London na Toronto, huwekwa viatu vya hariri ambavyo urefu wake ni inchi 3 au 4 tu. Mtu avionaye mara ya kwanza hudhani kuwa ni viatu vya mtoto mdogo. Vimetiwa nakshi kwa sindano na nyuzi za rangi nyingi: maua ya yungiyungi, vipepeo, na pengine popo, maana katika lugha ya Kichina neno la popo lasikika sawasawa na neno la baraka. Walakini viatu hivi vilivaliwa na wanawake wazima, wenye waume na watoto.

Wachina husimulia kwamba desturi hii ilianza katika karne ya 10, katika jumba la mfalme Li Yu. Mchezaji wake mmoja, jina lake Yaoniang, alijifunga miguu kwa hariri akacheza ngoma mbele ya mfalme. Ikiwa ndivyo au sivyo, katika enzi ya wafalme wa Song (960 hadi 1279) desturi hiyo ilienea kwa matajiri, na baadaye ikashuka hata kwa wakulima.

Kazi ya kufunga miguu ilikuwa ya mama au nyanya. Msichana alipofika umri wa miaka baina ya 4 na 8, alichukuliwa, mara nyingi wakati wa baridi ili ganzi ipunguze maumivu. Vidole vinne vilikunjwa chini ya wayo, kidole gumba kikaachwa, kisha mguu ukazungushiwa kitambaa kirefu na kukazwa sana. Kila baada ya siku chache kitambaa kilifunguliwa, mguu ukaoshwa, ukafungwa tena kwa kukazwa zaidi. Mifupa ilipindika na kuvunjika. Wengine walipata vidonda vilivyooza, na wako waliokufa. Mguu uliofikia inchi 3 uliitwa yungiyungi la dhahabu.

SABABU YA KUDUMU KWAKE

Msomaji ataweza kuuliza: mama aliyeyajua maumivu hayo kwa mwili wake mwenyewe aliwezaje kumtia bintiye katika maumivu yale yale? Jibu lake ni ndoa. Mshenga alipokwenda kumposea kijana, habari za miguu ya msichana ziliulizwa mapema, na viatu alivyoshona vilitazamwa kama ushahidi wa subira yake na ustadi wa mikono yake. Msichana mwenye miguu mikubwa alichekwa, na wazazi wake waliogopa kwamba hatapata mume wa heshima. Tena kulikuwa na faida ya kazi: msichana asiyeweza kwenda mbali alikaa nyumbani akisokota pamba na kufuma nguo za kuuzwa.

Si watu wote wa China walioifuata desturi hii. Wanawake wa Kihakka walilima mashamba na kubeba mizigo kwa miguu yao ya asili. Wamanchu, walioitawala China tangu mwaka 1644, hawakuwafunga binti zao. Mwaka 1662 mfalme wao Kangxi aliwapiga marufuku Wachina, lakini mwaka 1668 marufuku hiyo ikaondolewa. Amri ya mfalme haikuweza kuishinda hofu ya wazazi.

WAZAZI WALIPOPATANA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba aliyekataa peke yake alimhatarisha binti yake mwenyewe. Njia iliyofaa ilikuwa wazazi wengi kupatana pamoja. Katika miaka ya 1870 mmishonari John MacGowan aliwakusanya wanawake Wakristo wa mji wa Xiamen wakaanzisha chama cha kuipinga desturi hiyo. Wachina wenyewe wakafanya vivyo hivyo. Mwanachuoni Kang Youwei wa Guangdong alikataa kuwafunga binti zake, na mwaka 1898 alimwandikia mfalme kumwomba aikomeshe desturi hiyo. Mwaka 1895 Bi. Alicia Little, Mwingereza, alianzisha chama kikubwa katika mji wa Shanghai.

Nguvu ya vyama hivi ilikuwa katika ahadi zake mbili. Mwanachama aliahidi kutowafunga binti zake, na tena aliahidi kutowaoza wanawe kwa wasichana waliofungwa. Kwa ahadi ya pili, msichana mwenye miguu mizima alihakikishiwa kuwa wako vijana watakaomwoa. Aidha, wanachuoni walikumbusha mafundisho ya kale ya Wachina, kwamba mwili ni amana ya wazazi, nao haupasi kuharibiwa. Kwa hiyo watu hawakuambiwa wautupe uchina wao, bali walionyeshwa kwamba mila yao yenyewe yawakataza.

Mwaka 1902 Malkia Mama Cixi alitoa tangazo la kuwahimiza watu waache, na mwaka 1912 Serikali mpya ya Jamhuri ikaipiga marufuku kabisa. Nyuzi za viwandani nazo zilikuwa zikipunguza faida ya kusokota nyumbani. Katika wilaya ya Dingxian, kaskazini mwa China, uchunguzi ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 waliozaliwa kabla ya mwaka 1890, 99 walikuwa wamefungwa miguu. Kwa wasichana waliozaliwa baada ya mwaka 1919 hakuonekana hata mmoja. Desturi iliyodumu karibu miaka 1,000 ilikoma hapo katika muda wa kizazi kimoja, ijapokuwa katika sehemu za mbali iliendelea kwa miaka mingine.

Waliopata taabu mara mbili ni wale wa katikati. Wakaguzi wa Serikali waliwatoza faini na kuwalazimisha wafungue vitambaa, hali mifupa ya mtu mzima hairudi tena mahali pake, na kutembea bila kitambaa kuliwauma zaidi. Basi walichekwa na vijana kwa jambo ambalo utotoni waliambiwa ndiyo heshima yao. Wachache wao walikuwa hai hata mwanzo wa karne ya 21.

Wahenga walisema, mwacha mila ni mtumwa. Lakini Wachina hawakuacha sindano wala hariri. Mafundi wa Suzhou wangali wanatia nakshi za vipepeo na maua hata leo. Walichoacha ni kitambaa cha kufungia mguu wa mtoto.