Kompyuta ya Gemu Hainunuliwi kwa Taa

Vijana wa Eastlands wameingiwa na mapenzi ya kompyuta za gemu, nami sioni ubaya wa mapenzi hayo. Hapa mtaani Tena, jirani na Umoja na Donholm, vyumba vya PlayStation ambamo watoto hulipia kandanda mchezo mmoja mmoja si jambo geni; basi si ajabu kijana akishaanza kupata chake akatamani mashine ya kwake. Wala tusiseme kuwa hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2015 Andrew Kaggia na wenzake wa Black Division Games walitoa Nairobi X, gemu ambamo jiji letu limevamiwa na viumbe wa kutoka nje ya dunia, na mwaka 2018 Sylvia Gathoni, ajulikanaye kwa jina la Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya Marekani iitwayo UYU kwa ustadi wake katika Tekken 7. Ubaya uko kwingine: fedha za kijana wa Tena ni chache, zina jasho ndani yake, na mashine anayouziwa aghalabu haimfikishi mbali.

Jirani yangu mmoja huhariri video za harusi mchana na kucheza usiku. Alikuwa na shilingi 60,000, akiba ya chama ya mwaka na nusu. Akaenda mjini, akaonyeshwa kasha la kioo lenye mapanka manne yanayometameta rangi zote, akalipa papo hapo. Mwezi wa tano stima ikapotea jioni, iliporudi ikarudi kwa kishindo, na kasha likanyamaza. Fundi alipolifungua alikuta pawa saplai isiyo na jina imeungua, nayo imeuchukua ubao mama na diski pamoja nayo. Ndani ya diski hiyo mlikuwamo harusi mbili za watu.

Neno langu basi ni hili: mashine ya kudumu huanza kujengwa kwa vile visivyoonekana, na taa huja mwisho, ikiwa zitakuja.

Pawa saplai ni lile sanduku la chuma ndani ya kasha linalopokea umeme wa ukutani, ambao kwetu Kenya ni volti 240, likaugeuza kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na viungo vingine. Vyote vyanyonya ziwa hilo moja. Likiwa zuri, umeme ukichafuka hujizima lenyewe na kuwanusuru wenziwe. Likiwa bovu, hufa nao. Mnunuzi na atazame jina la mtengenezaji anayejulikana, kisha alama ya 80 Plus, ingawa alama hiyo hupima tu jinsi umeme usivyopotea kwa joto, haipimi usalama. Alipime na kwa mkono: hafifu huwa jepesi kama kopo tupu. Akiona kiswichi chekundu chenye 115 na 230, ajue hilo ni la mtindo wa kale, na kama hana budi kulichukua, ahakikishe kimeelekea 230 kabla ya kuchomeka waya, la sivyo atasikia mlio mmoja tu na biashara imekwisha. Wati 550 za kweli zamtosha. Kadi ya picha kama RTX 3060 imepimiwa wati 170, prosesa kama Ryzen 5 5600 wati 65, na vilivyosalia ni vidogo. Anayekuuzia wati 1,000 kwa bei ya sahani ya biriani anakuuzia karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ukibakisha kitu, nunua UPS au stabilaiza kabla ya kununua kibodi ya rangi.

Cha pili ni ubao mama. Sisi watu wa pwani twajua kuwa jahazi hubadilishwa tanga, hubadilishwa mlingoti, hata mbao za ubavuni. Mkuku ukioza ndipo huachwa ufuoni. Ubao mama ndio mkuku. Aliyenunua mwaka 2017 ubao wa soketi ya AM4, pamoja na prosesa ya Ryzen ya kizazi cha kwanza, aliweza mwaka 2022 kuchomoa prosesa ile na katika mbao nyingi za aina hiyo akaweka 5800X3D, baada ya kusahihisha tu programu ya BIOS. Miaka mitano, ubao ule ule. Ndugu yake, AM5, alitoka mwaka 2022 na anataka kumbukumbu za DDR5, ambazo kwa mfuko mdogo ni mzigo. Maana tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepaa, viwanda vikiwa vimegeukia kuzihudumia mashine za akili mnemba. Kwa hiyo mwenye kidogo asione haya kubaki na AM4. Anunue vijiti viwili vya GB 8, kwani viwili hufanya kazi sambamba, juu ya ubao wenye nafasi nne ili mbili zimngoje.

Yaja sasa habari ya prosesa na kadi ya picha, na hapa mshairi hana haja ya kufundishwa. Ukwapi ukiwa na mizani nane na utao ukiwa na nane, wimbo waimbika. Ukiujaza upande mmoja ukaupunja wa pili, utachechemea hata kama maneno ni ya dhahabu. Kijana hutia fedha zote kwenye kadi kubwa, akaiweka na prosesa kongwe, kadi ikakaa ikisubiri kazi. Tena aangalie kioo chake. Kama ni cha 1080p, kadi kama RX 6600 ya mwaka 2021, yenye GB 8, yamtosha. RTX 3060 ya GB 12 itastahimili zaidi gemu zinavyozidi kunenepa.

Kadi zilizotumika zimejaa madukani, na si zote za kuogopwa. Nyingi zilichimba sarafu za Ethereum mpaka tarehe 15 Septemba 2022, uchimbaji wa namna hiyo ulipokoma. Mapanka yake huwa yamechoka na dawa ya kupitisha joto imekauka, mambo ambayo fundi huyatengeneza. Ya kuogopwa ni ile ya bandia, kadi ya kale iliyobadilishwa jina ndani ili ijitaje kuwa mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huwatambua wengi wa waongo hao, basi mwambie muuzaji aifungue mbele yako.

Na asiyeweza hayo yote? Zipo zile kompyuta za maofisi ya Ulaya zilizostaafu, Dell OptiPlex, HP EliteDesk na mfano wake. Ni ngumu, na bei yake ni ya kibinadamu. Chagua Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, yaani i5-8500 na si i5-4570, kwa kuwa Windows 10 iliachwa na wenyewe tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali rasmi za kale. Chagua pia kasha refu, usichukue lile jembamba: jembamba hukubali kadi fupi tu, na pawa saplai yake, ambayo ni ya wati 200 hivi, aghalabu ina plagi za kampuni yenyewe, kwa hiyo huibadilishi kwa ya dukani. Kadi ya GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, ya wati 75, ndiyo hukaa humo kwa amani.

Kwetu Mombasa adui ni chumvi ya bahari. Tena adui ni vumbi. Kasha lisikae sakafuni, lipulizwe kila baada ya miezi mitatu, na mwenye kazi za watu ndani yake awe na diski ya pili, ya nje, inayochomolewa kila jioni kabla stima haijaanza mambo yake.