Paka Hupiga Hodi kwa Harufu

Katika nyumba nyingi za kwetu, paka mpya huingia kwa namna moja. Hutolewa kwa jirani au kwa ndugu akiwa ndani ya boksi lililotobolewa matundu, hufikishwa sebuleni, boksi hufunguliwa, na familia nzima hukaa kando kutazama. Mgeni hutoka akinyatia, tumbo likikaribia sakafu. Paka mwenyeji, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi, huinuka mgongo umepinda na manyoya ya mkia yamesimama. Punde si punde ni kucha na makelele. Watu husema, "Hawa hawapatani," na mgeni hurudishwa alikotoka au huachwa uani ajitafutie.

Hukumu hiyo haina haki, kwa sababu paka hao hawakupewa nafasi ya kupatana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 kuhusu nyumba za Marekani zilizoongeza paka ulionyesha kwamba takriban nusu zilishuhudia ugomvi mwanzoni. Ulionyesha pia kwamba pale ambapo siku ya kwanza ilikuwa ya vita, uwezekano wa vita kuendelea miezi iliyofuata ulikuwa mkubwa zaidi. Dakika za mwanzo zina uzito, na mwenye uwezo wa kuzipanga ni mwenye nyumba.

Mwindaji wa peke yake

Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulibainisha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana na pakamwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama ambaye hata leo anazunguka katika mbuga zetu. Ukaribu wake na binadamu ni wa kale. Katika kisiwa cha Kupro, wanaakiolojia walifukua kaburi la mtu aliyezikwa pamoja na paka miaka ipatayo 9,500 iliyopita. Wakulima wa kwanza walikuwa na nafaka, nafaka ikaleta panya, panya wakamleta paka.

Hata hivyo, katika safari yote hiyo paka hakuacha kuwinda peke yake. Panya mmoja hatoshi wawili, ndiyo maana pakamwitu hulinda eneo lake na kuwaepuka wenzake. Mbwa ametokana na mbwamwitu, wanyama wa kundi wanaojua kugombana na kusuluhishana kabla ya jua kuzama. Paka hana desturi nyingi za kusuluhisha. Akishakosana na mwenzake, hupendelea kumkwepa, na ndani ya nyumba ya vyumba viwili hakuna pa kukwepea.

Lakini ukienda penye soko la samaki, utawaona paka majike wakilala pamoja na kunyonyesheana watoto. Mara nyingi ni mama, binti na dada. Kila wanapokutana husuguana mashavu na ubavu, na kwa kufanya hivyo hujenga harufu moja ya kundi. Mwenye harufu hiyo ni wa nyumbani, asiyekuwa nayo ni mvamizi. Hapo ndipo siri ya utambulisho ilipo: paka hupiga hodi kwa harufu kabla ya kuonana uso kwa uso.

Paka ana tezi za harufu mashavuni, kidevuni, katikati ya vidole na penye shina la mkia. Juu ya kaakaa lake kuna kiungo maalumu cha kupokea feromoni, yaani kemikali zinazobeba ujumbe kati ya wanyama wa spishi moja. Ukimwona amenusa kitu kisha akabaki mdomo wazi kidogo, kama aliyeduwaa, jua anausoma ujumbe huo. Katika miaka ya 1990, daktari wa mifugo wa Ufaransa, Patrick Pageat, alichambua kemikali za mashavuni mwa paka na kuonyesha kwamba baadhi yake huachwa kwenye vitu ambavyo paka ameshavizoea na kuviamini.

Chumba, kitambaa, mlango

Basi mgeni aanzie kwenye chumba chake, mlango umefungwa. Awe na maji, chakula, karai la mchanga mbali na chakula, na mahali pa kujificha. Lile boksi alilojia linafaa sana, kwani lina harufu yake. Hiki si kifungo. Paka aliyehamishwa ghafla hutulia upesi zaidi katika eneo dogo analoweza kulikagua lote.

Chukua kitambaa safi cha pamba, umsugue mgeni taratibu mashavuni na chini ya kidevu, kisha kiweke karibu na sahani ya mwenyeji. Kitambaa cha mwenyeji kipeleke kwa mgeni. Tazama kwa makini. Atakayenusa, akainua kichwa na kuendelea kula, amekubali hatua hiyo. Atakayepuliza kwa hasira au kuacha chakula anakwambia kitambaa kisogezwe mbali kidogo, kesho ujaribu tena. Harufu inayokuja pamoja na dagaa kila siku huacha kuwa tishio. Ni kanuni ileile ya mwanasayansi Pavlov na mbwa wake: jambo likifuatana mara kwa mara na chakula, mwili hujifunza kulipokea kwa utulivu.

Baadaye walishe pande mbili za mlango uliofungwa, kisha wabadilishane vyumba kwa muda, kila mmoja akague alama za mwenzake bila kukutana naye. Kuonana kuje mwisho, kupitia wavu au mlango uliofunguliwa kidogo, kwa dakika chache na kila mmoja akiwa na chakula chake. Wakikodoleana macho bila kupepesa, masikio yamelala na mikia inachapa, funga mlango na urudi hatua moja nyuma. Mkia uliosimama wima ni salamu njema. Katika Chuo Kikuu cha Southampton, paka walioonyeshwa kivuli cha paka mwenye mkia wima waliinua mikia yao na kukikaribia.

Kazi hii huweza kuchukua siku kadhaa, wiki, hata miezi. Wakishaanza kukaa pamoja, kila paka awe na sahani yake na karai lake la mchanga, na pawepo karai moja la ziada, ili pasiwe na wa kumzuia mwenzake njia.

Mbwa, kuku na sungura

Mbwa na paka wana lugha zinazokinzana. Mbwa hutikisa mkia kwa furaha, paka huuchapa kwa kero. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, katika kazi iliyotolewa mwaka 2008, walikuta wengi kati ya wanyama hao waliolelewa pamoja wamejifunza kusomana. Mapatano yalikuwa bora pale paka alipoletwa kabla hajafikisha miezi 6 na mbwa kabla ya mwaka mmoja. Mbwa wa ulinzi afungwe mnyororo au kamba wakati wa kutambulishwa, na apewe kipande cha nyama kila anapomtazama paka na kutulia. Paka asishikwe mkononi. Awe na kabati au dari ya kupandia.

Kwa vifaranga, njiwa na sungura, usitegemee mapatano, tegemea banda imara. Paka aliyeshiba huwinda vilevile, kwa kuwa hamu ya kuwinda haitokani na njaa peke yake. Na ndege aliyeumwa na paka, hata kwa tundu dogo la jino, apelekwe kwa daktari wa mifugo upesi, maana mate ya paka hubeba bakteria wanaoweza kumuua.

Afya kwanza

Kipindi cha kumtenga mgeni ndicho cha kumtibu viroboto na minyoo, na kumchanja dhidi ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi 3. Kumhasi dume hupunguza mapigano, na faida yake si utulivu tu. Mwaka 1986, huko Davis, California, vilibainika virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, na njia kuu ya kuenea kwavyo ni jeraha la meno.

Paka wako huenda wasilale wamekumbatiana kamwe, na hilo si kosa. Wakila, wakilala na kwenda kwenye mchanga wao bila hofu, utambulisho umefaulu. Anayeachwa uani baada ya vita vya siku ya kwanza huishia kuwa paka shume, asiye na chanjo, akigombea majalala kwa meno na kucha. Kumkinga na maisha hayo ni wajibu wa aliyemleta, na kunahitaji mlango unaofungika, vitambaa viwili na subira.