"Ina Gia Ngapi?" Swali Linalokula Pesa za Watu

Hakuna wiki inayopita bila mtu kusimama mbele ya kibanda changu hapa mjini Machakos, akashika usukani wa baiskeli ya mtumba na kuuliza: "Fundi, hii iko na gia ngapi?" Nikisema 21, uso unachanua. Nikisema tatu, anairudisha ukutani. Hajabinya breki, hajainua gurudumu alizungushe, hata fremu hajaitazama. Safari yake ni kilomita mbili tatu, Mumbuni hadi sokoni au Katoloni hadi ofisini, lakini anaulizia gia kama dereva wa lori la Mombasa.

Tukae chini tuhesabu mara moja, yaishe.

Baiskeli ya "gia 21" ina duara tatu za meno mbele na saba nyuma. Tatu mara saba, muuzaji akabandika stika. Chukua mpangilio ambao nauona kila siku: mbele meno 28, 38 na 48, nyuma 14, 16, 18, 20, 22, 24 na 28. Gawanya ya mbele kwa ya nyuma, utajua gurudumu linazunguka mara ngapi pedali ikizunguka mara moja. Weka 48 mbele na 24 nyuma: mara mbili. Sasa weka 28 mbele na 14 nyuma: mara mbili vilevile. Umebadilisha gia, umepiga kelele njia nzima, na bado uko palepale. Jaribu 28 kwa 16, kisha 38 kwa 22, kisha 48 kwa 28. Unapata 1.75, 1.73 na 1.71. Kama mguu wako unaweza kutofautisha hizo, acha kazi ya ofisi uende mashindanoni.

Ukiwaondoa mapacha wote wa namna hiyo, 21 inashuka hadi kama 13. Tena baadhi ya mapacha hao wanapatikana kwa kuvuta cheni mshazari, kutoka duara ya nje kabisa mbele hadi ya ndani kabisa nyuma. Hapo cheni inasaga meno na meno yanasaga cheni. Kwa hiyo ulilipia gia ambazo ukizitumia zinaharibu zile nyingine.

Najua jibu lako. "Lakini fundi, si unaona milima?" Naiona. Mji uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,600, Iveti imetuegemea na Mua iko kule ng'ambo. Ila mlima haukuulizi gia zako zote. Unakuuliza moja tu, ile nyepesi kuliko zote. Hata Kiima Kimwe ya hapa kwetu, jina lake kwa Kikamba ni "kilima kimoja", nacho kinadai gia moja. Baiskeli ya Black Mamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma inazungusha gurudumu karibu mara mbili na nusu kwa kila pedali, ndiyo maana unashuka na kuisukuma. Dawa yake si kununua baiskeli nyingine. Mwambie fundi akufungie friwili ya meno 22, hesabu ishuke hadi mara mbili kamili. Ni kazi ya muda mfupi na friwili moja.

Kama huniamini mimi, tazama wanaofanya kazi hii kwa kipimo kikubwa. Shirika la World Bicycle Relief, lililoanzishwa mwaka 2005, linaunda baiskeli za Buffalo mahsusi kwa barabara kama zetu, zenye karia ya kubeba kilo 100. Kwa miaka mingi Buffalo ilikuwa na gia moja. Walipoamua hivi majuzi kuwafikiria watu wa milimani, wahandisi wao waliongeza gia ngapi? Moja! Sasa kuna toleo la gia mbili lenye cheni mbili, na kubadilisha ni kurudisha pedali nyuma kidogo. Walikuwa na uwezo wa kuweka 21. Hawakuweka.

Sababu yao ninaiona kila siku mezani. Kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni kimetokeza nje bila kinga. Sasa fikiria baiskeli za mtumba zilizorundikwa ndani ya kontena, moja juu ya nyingine. Hicho kinagongwa kwa urahisi. Sikio la fremu linalokishika likipinda kidogo tu, cheni inaruka, na siku moja kifaa kinaingia kwenye spoki ukiwa katikati ya barabara. Swichi zake za plastiki nazo zimekaa miaka na grisi imegeuka gundi. Nyingi za "gia 21" zinazofika kwangu zina tatu zinazofanya kazi na 18 za kumbukumbu.

Ile ya gia tatu uliyoirudisha ukutani, kwa upande wake, inazificha ndani ya habu ya gurudumu la nyuma, mbali na vumbi na mbali na kugongwa ndani ya kontena. Kampuni ya Sturmey-Archer ya Nottingham ilianza kuuza habu za namna hiyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Gia nyepesi inapunguza robo, nzito inaongeza theluthi, ya katikati iko kama ilivyo. Kwa mji huu inatosha.

Sasa mambo ya maana ya kukagua kabla ya kununua, haraka haraka. Simama juu ya fremu: nyayo zote mbili zikae chini bila bomba kukugusa. Kagua chini ya shingo ya usukani. Rangi iliyokunjamana au mstari mwembamba inaweza kuwa dalili ya ufa. Fremu ya chuma inachomeleka. Ya alumini iliyopasuka, iache. Binya breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma. Ikigonga, shingo imelegea. Shika mikono ya pedali uitikise kando; ikicheza, gololi za katikati zimekwisha. Zungusha magurudumu: kuyumba kando kunanyooshwa kwa spoki, lakini rimu inayoruka juu na chini iliingia shimoni, iache. Njoo na sumaku ya spika mbovu. Ikinata kwenye rimu, hiyo ni chuma, na breki za mpira hazishiki vizuri chuma kikilowa. Pima cheni kwa tepu: kutoka pini moja hesabu hatua 24, ziwe inchi 12. Zikizidi thumuni ya inchi, cheni imekwisha na imeshakula meno.

Soma pia namba ndogo ubavuni mwa tairi. "26" ya baiskeli ya milimani ni 559, "26" ya nyingi za kutoka Japani ni 590, na tairi ya moja haiingii kwenye nyingine. Uliza dukani kama ipo kabla ya kulipa. Springi za kumeza mishtuko mbele na nyuma ni uzito wa bure kwa safari ya dakika kumi. Dai risiti yenye namba iliyochongwa chini ya fremu. Muuzaji akikataa kuiandika, ondoka.

Baiskeli ya gia tatu iliyorudishwa ukutani mwezi uliopita ilinunuliwa jioni ileile na mwalimu mmoja. Tangu siku hiyo amenirudia mara moja tu, kwa pancha.