Ukibadilishwa kazi ndani ya kampuni: andika kazi ya msimamizi wa sistemu mbele ya kurudisha funguo

Ndugu zangu, wengi humu munanijua kama agronome. Licence yangu ni ya kilimo na kazi yangu ya mwisho ilikuwa juu ya viazi vya Masisi. Kumbe kwa karibu miaka mitatu kazi yangu ya kweli hapa Goma ilikuwa kulinda seva, na hakuna karatasi hata moja yenye ilisema hivyo. Siku nilihamishwa kurudi kwenye mashamba, hiyo karatasi yenye haikuwako ilitaka kuniletea shida kubwa. Njo maana naandika.

Ilianza kidogo kidogo. Kampuni moja yenye kununua kahawa ilinichukua nifuate wakulima wa Minova, Kalehe na Idjwi. Habari za mashamba tulikuwa tunazijaza kwa simu na KoboToolbox. (Jina "kobo" limetoka kwa kiacholi cha kaskazini mwa Uganda, maana yake kuhamisha.) Sasa munajua vile mashefu wetu wanafikiri: mwenye anajua Kobo, atajua na kutengeneza wifi. Mwenye anajua wifi, apewe na funguo za chumba cha seva. Baada ya miezi sita nilikuwa nafungua konti za wafanyakazi wapya, nakopi database ya malipo, nabadilisha batri za onduleri, na usiku naitwa: "Yaya, enternet imekufa." Kwenye kontrakta bado iliandikwa "agronome".

Kisha nikapewa kazi mpya, ya kusimamia wakulima wenye wanataka sertifika. Nilifurahi sana. Nilimpa mdogo mmoja funguo, nikamwambia neno la siri kwa mdomo, yeye akaliandika kwenye kikaratasi na kukibandika chini ya rauta. Hayo njo yalikuwa makabidhiano yetu. Katika nchi yenye hata shefu wa kijiji anafanya remise-reprise na mihuri na picha, sisi tulimaliza kwa dakika kumi!

Miezi minne baadaye namba za simu za wakulima kumi na moja zilibadilishwa kwenye orodha ya malipo, na pesa zao zikaenda kwa watu wengine. Daftari la sistemu lilisema nani amebadilisha? Konti yangu. Juu konti yangu ya msimamizi ilikuwa ingali wazi, na ile neno la siri ilikuwa ingali ileile. Nilipokea barua ya kuombwa maelezo, masaa 48 ya kujibu. Kilichoniokoa haikuwa kompyuta. Ilikuwa ordre de mission yenye muhuri wa Idjwi wa siku hiyohiyo, na saa hiyo nilikuwa ndani ya shamba lenye halina rezo. Bila ule muhuri, sijui leo ningekuwa wapi.

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe. Msimamizi wa sistemu ni mtu wa ajabu: akifanya kazi vizuri, hakuna kinachoonekana. Mashini zinawaka, mishahara inapita, watu wanadhani vitu vinajiendesha. Kwa hiyo ukiulizwa "ulikuwa unafanya nini?", wewe mwenyewe unasahau. Mimi nilipokaa kuandika mara ya kwanza nilipata mistari minne: kusimamia seva, kusaidia watumiaji, kutunza rezo, kazi zingine. Hiyo ni sawa na kuandika "kutunza shamba". Nani atalima na maneno hayo? Kwenye fishe ya kilimo tunaandika: palizi ya kwanza wiki ya tatu, ya pili wiki ya sita, kwa mkono, usiguse mizizi. Kazi ya seva inaandikwa vilevile: unafanya nini, kwa kitu gani, mara ngapi, unajuaje kwamba imefanyika, na ikikosa kufanyika nani ataumia.

Ili kukumbuka, nilifungua simu yangu. Nilichukua miezi miwili ya simu na ujumbe wa WhatsApp wenye walinitumia wenzangu wa biro, nikaandika kila kitu nilichoombwa. Nusu yake ilikuwa printa. Lakini ndani yake nikaona vitu vyenye singekumbuka hata siku moja: jina la tovuti linalipwa kila mwaka, na barua ya kukumbusha inaingia kwenye imeili yangu mimi, si ya kampuni. Kadi ya SIM ya rauta ya akiba iko kwa jina langu. Batri za onduleri zinachoka baada ya miaka michache, na zikichoka hazisemi, zinakuangusha siku umeme unakatika. Hayo yote yalikuwa ndani ya kichwa changu peke yake.

Kuna na kazi zenye vitabu vya ng'ambo havitaji. Biro yetu imejengwa juu ya lava ya mwaka 2002. Waya wa umeme wenye kuingia udongoni, ule wa kulinda mashini, unategemea udongo wenye unyevu, na jiwe kavu la lava halipitishi umeme vizuri. Mimi mtu wa udongo niliielewa haraka kuliko fundi! Tulichimba, tukaweka udongo mweusi, na kila kiangazi ilibidi mtu amwagie pale maji. Kumwagia waya maji ni kazi ya msimamizi wa sistemu? Kwa Goma, ndiyo. Na kupuliza vumbi ya lava ndani ya mashini kila mwezi pia. Kama hukuiandika, mwenye anakuja nyuma yako hataijua mpaka radi imfundishe.

Mahali pa kuandika kwa kirefu ni kopi za akiba. Mstari "nilikuwa nafanya kopi" hautoshi, hata kama ni kweli. Tarehe 31 Januari 2017, kule GitLab, kampuni kubwa yenye kuhifadhi kodi za programu za watu wa dunia nzima, fundi mmoja alichoka usiku akafuta database kwenye seva mbaya. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi kopi. Walipokwenda kuzitafuta, hakuna hata moja yenye ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Waliokolewa na kopi moja yenye mtu aliichukua masaa sita mbele, kwa sababu nyingine kabisa. Wale ni mafundi wa kweli, wanalipwa kwa kazi hiyo tu. Kwa hiyo kwenye fishe andika mara ya mwisho ulirudisha kopi kwenye mashini ingine ukaona data zimetoka zima. Mimi nilihesabu mistari ya orodha ya wakulima kila mwisho wa mwezi, na ile hesabu nikaiandika na tarehe.

Andika pia kopi zinalala wapi. Sisi diski zote mbili zilikuwa kwenye kabati moja, ya biro ileile. Nani amesahau tarehe 27 Mei 2021, siku gavana alitangaza asubuhi sehemu kubwa ya muji ihame juu ya volkano, watu wakashika njia ya Sake, ya Minova na ya Rwanda? Ile siku hakuna mwenye angerudi biro kuchukua diski. Mafundi wanasema kopi tatu, za aina mbili, moja iwe mbali. Kwetu "mbali" maana yake nje ya Goma.

Tuje kwenye funguo, kwa sababu hapo njo niliumia. Kuna tofauti kati ya mtu anaacha kazi na mtu anabadilisha kazi ndani ya nyumba moja. Mwenye anaondoka, kila mtu anakumbuka kumnyang'anya funguo. Mwenye anahamia chumba cha pili anabaki nazo, juu ni ndugu yetu, bado yuko, tutamwita. Kwa hiyo mtu anabeba haki za kazi ya zamani pamoja na za kazi mpya, na kila akihama anaongeza zingine. Wakubwa wa usalama wa kompyuta wanaijua hii shida. Kwa Marekani, kitabu cha NIST chenye namba 800-53 kina kifungu chake peke yake, PS-5, juu ya mfanyakazi mwenye anahamishwa; na ISO 27001 ya mwaka 2022 inaweka pamoja mwisho wa kazi na mabadiliko ya kazi. Hapa kwetu Kodi ya Numeriki, Ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za watu binafsi. Orodha ya wakulima na namba zao za simu njo habari za watu. Kwa hiyo ukimwomba shefu afunge konti yako ya zamani, unajilinda wewe na unamlinda yeye pia. Asidhani unakataa kusaidia.

Basi baada ya ile barua nilikataa kukaa hivihivi. Nilienda kwa mama mwenye kusimamia wafanyakazi, nikamwambia: "Mama, naomba tufanye makabidhiano upya, ya kweli." Alikubali mara moja, maana naye alikuwa ameogopa. Tulikaa watatu, mimi, mdogo na yeye. Kila konti ikasomwa: hii inafungwa leo, hii inapewa mdogo kwa jina lake yeye, neno la siri linabadilishwa mbele yetu na mimi sitaliona. Jina la tovuti likahamishwa kwenye imeili ya kampuni. SIM pia. Kisha mdogo akafanya kazi ya wiki nzima na mimi nimekaa pembeni bila kugusa. Kila mahali alipokwama, fishe ilikuwa mbaya, tukairekebisha. Mwisho tukaandika siku 30 za kusaidia, saa za kazi tu, na tarehe ya mwisho. Watatu tukatia sahihi, kila mtu na kopi yake.

Fishe hiyo inafaa pia kwa mambo ya daraja na mshahara, na hapa wadogo wenye wangali masomoni wasikilize. Shirika la Kazi la Dunia, OIT, liko na orodha ya kazi yenye inaitwa ISCO-08. Ndani yake msimamizi wa sistemu ni namba 2522, kwenye kundi la wataalamu. Fundi wa rezo na sistemu ni 3513, kundi la chini yake. Mshauri wa kilimo ni 2132. Ukiandika "nilikuwa nasaidia watu na kompyuta", umejiweka mwenyewe chini ya hapo ulikuwa, na mwenye kupanga watu kati ya maîtrise na cadre hatakupandisha kwa huruma. Chama cha wasimamizi wa sistemu cha Marekani, SAGE, kilitoa katika miaka ya 1990 kijitabu cha kueleza hii kazi kwa ngazi, na kipimo kikubwa si wingi wa mashini, ni kama unafanya kwa kuelekezwa au unaamua mwenyewe. Kwa hiyo andika maamuzi. "Niliamua kopi moja ikae nje ya muji" inakubeba kuliko "niko mwaminifu na mchapakazi", yenye kila mtu anaandika.

Lakini usijaze uongo. Mimi sikuwa mhandisi wa informatiki, na niliandika wazi kwamba vitu viwili, ukuta wa moto na database yenyewe, vilikuwa vinasimamiwa na fundi wa nje, mimi nilikuwa namwita tu. Nilipoketi mbele yao kwa ile kazi ya sertifika waliniuliza miaka mitatu ya seva inasaidia nini kwa kahawa. Nikawajibu kwamba orodha yenye wakaguzi wanakuja kusoma, mimi njo nilikuwa nailinda, na najua mahali makosa yanaingilia.

Wiki iliyopita, muda mrefu baada ya zile siku 30, simu ililia niko Kalehe. "Yaya, printa haitaki." Nikamwambia aangalie ukurasa wa pili wa fishe. Akanyamaza kidogo, nikasikia karatasi zinapinduliwa, kisha akacheka: printa haikuwa na karatasi.