Kamakura: Panda Treni Mangware, Chukua Siku Polepole

Wasee, Tokyo ni jiji ya mbio. Ukishinda huko siku kadhaa, mwili yenyewe inaanza kudai pumziko. Form ya kupumzika iko karibu: kama kilomita 50 kusini kuna Kamakura, mji wa kitambo umezungukwa na milima pande tatu, alafu upande wa nne ni bahari. Usisumbuke na Shinkansen, ile treni ya mbio, na bei yake kali. Ingia Yokosuka Line, treni ya kawaida ya watu wa kazi. Gusisha kadi yako ya Suica kwa geti, na baada ya lisaa limoja hivi ushafika. Nauli inacheza karibu na yen thao moja. Rada ni moja tu: ndani ya treni hupigi simu, na hakuna kubonga kwa sauti. Tulia, cheki dirisha.

Shuka stesheni moja kabla ya Kamakura, inaitwa Kita-Kamakura. Ukitoka tu, Engaku-ji iko hapo mbele, hekalu ya Zen yenye ilianzishwa 1282. Reli ilipofika huku 1889, ilikata kiwanja ya hekalu, so treni bado inapita hapo mlangoni hadi leo. Mwenye alianzisha hiyo hekalu ni Hojo Tokimune, msee mwenye alishika serikali Wamongolia wakivamia Japani 1274, alafu tena 1281. Alitaka wenye walikufa kwa hizo vita waombewe, na hakubagua: wanajeshi wake na wale maadui, wote wakawekwa kwa dua moja. Mimi hiyo ndio hunishika. Mtu ameponea kuvamiwa mara mbili, na bado anajua yule wa upande ule mwingine pia alikuwa mtoto wa mtu. Tembea hapo chini ya miti mirefu bila haraka.

Kutoka Engaku-ji ni guu tu, ukifuata barabara hadi Kencho-ji. Hiyo ni ya 1253, na ndio shule kongwe zaidi ya watawa wa Zen Japani nzima. Babake Tokimune, Hojo Tokiyori, aliianzisha na akampea mtawa kutoka China aiongoze. Ukiendelea kuteremka, unatokea Tsurugaoka Hachimangu, hekalu kubwa ya Shinto yenye iko kwa roho ya mji.

Hapo ndio unaelewa kwa nini mji mdogo hivi umejaa mahekalu. Minamoto no Yoritomo aliland hapa na jeshi yake 1180, na 1192 akapewa cheo ya shogun. Mfalme alibaki Kyoto na heshima zake, lakini amri za panga zilitoka Kamakura hadi 1333. Yoritomo alichagua hii place na akili. Milima ilikuwa ukuta wa bure, na adui wa nchi kavu alilazimika kupenya njia nyembamba zimechongwa kwa mwamba. Lakini ngori nyingine ilitoka ndani ya familia. Hapa Hachimangu, 1219, kijana wake Sanetomo, shogun wa tatu, aliuliwa na mtoto wa ndugu yake. Kando ya ngazi kulikuwa na mti mkubwa wa ginkgo, na upepo uliuangusha Machi 2010. Kisiki yake ilichipuka tena, na inalelewa vizuri.

Njaa ikishika, ingia Komachi-dori, mtaa wa maduka na dishi. Itisha wali na shirasu, tusamaki tudogo tweupe kushinda omena, tunavuliwa kwa bahari ya hapa. Alafu uchukue aiskrimu ya viazi vitamu vya zambarau. Tangu 2019 mji uko na sheria ndogo inaomba watu wasidishi wakitembea kwenye msongamano, so simama kando ya duka, maliza, ndio usonge. Ni mtaa wa watu, na wewe ni mgeni wao.

Sasa panda Enoden. Hii katreni kalianza 1902, kanaenda kilomita 10 hadi Fujisawa, na kanapita karibu na nyumba za watu hadi unaona nguo zimeanikwa. Shuka Hase, utembee hadi Kotoku-in ukacheki Budha Mkubwa. Ni shaba, mita 11.3 kwenda juu, tani 121, na kazi yake ilianza 1252. Zamani alikuwa ndani ya jumba, lakini dhoruba na mawimbi yalilibomoa, na tangu mwisho wa karne ya 15 anakaa nje, mvua na jua. Mafundi walimrekebisha 1960 na 1961: wakaimarisha shingo, wakaweka bamba ya chuma chini yake ili ardhi ikitetemeka aweze kuteleza kidogo badala ya kupasuka. Ukilipa yen 50 unaingia hadi ndani ya tumbo yake, unaona venye vipande viliunganishwa.

Rudi kwa Enoden, ukae upande wa bahari. Utapita Inamuragasaki, ile rasi yenye jenerali Nitta Yoshisada alizungukia na jeshi yake 1333, maji yakiwa yamepwa, baada ya kushindwa na zile njia za milimani. Hapo ndio serikali ya Kamakura iliisha. Stesheni mbili mbele ni Kamakurakokomae, na mafans wa Slam Dunk wanaijua: hiyo crossing ya reli iko kwa mwanzo ya anime. Piga foto ukiwa kando, usisimame barabarani, juu wenyeji wamechoka na hiyo tabia.

Ushauri wangu ni huu: enda siku ya kazi, fika kabla ya saa tatu asubuhi, vaa raba poa. Chagua mahekalu matatu, achana na hayo mengine. Kamakura haimalizwi na siku moja, na msee mwenye anakimbia kuimaliza hurudi Tokyo na foto tu.