Damu ya Kitovu Yatupa Onyo

Mama mjamzito wa Kidete, pale kwenye stesheni ya Reli ya Kati wilayani Kilosa, aweza kuamka salama, akateka maji na kupika, asione homa wala kuumwa kichwa; kumbe malaria imekwisha kujificha katika kondo la nyuma. Bonde la mto Mkondoa hubakiwa na madimbwi baada ya mvua, na mbu huzaliana humo.

Chembe za damu zenye vijidudu hunata ndani ya kondo, pale pale chakula cha mtoto kinapopita. Mwili wa mama hupeleka askari wake huko, nao humwaga vitu vikali vya kupigana na adui. Lakini vita hivyo humdhuru na mtoto. Mwaka 1998 wataalamu waliochunguza akina mama wa Kisumu, Kenya, walitangaza kwamba kondo zenye malaria zilizidi kuwa na interferoni na vitu vingine vya namna hiyo, na kwamba hali hiyo ilifuatana na kuzaliwa watoto wadogo, wasiofika kilo 2.5. Kuanzia mwaka 2002, huko Muheza, Tanga, uchunguzi wa namna hiyo uliendelezwa hata kwenye damu ya kitovu, ambayo ni damu ya mtoto mwenyewe. Nayo ilionyesha kuwa mwili wa mtoto pia huingia katika mapambano hayo.

Wanaodhurika zaidi ni wenye mimba ya kwanza, kwani miili yao haijajifunza kupambana na vijidudu vya kondo.

Basi yatupasa tusingoje homa. Mume asiseme, "Mke wangu haumwi," bali atoe nauli ya kliniki mapema. Huko mama hupewa vidonge vya SP kuanzia mwezi wa nne wa mimba, angalau mara 3, kila mara ukiwa umepita mwezi mmoja au zaidi. Naye amweleze mganga dawa nyingine anazotumia, maana wako ambao SP haiwafai. Na kila usiku alale katika chandarua chenye dawa.

Sura ya Luqman yatukumbusha taabu ya mama aliyetubeba. Wengi wetu huweka akiba ya mbuzi wa akika; ni jambo jema. Lakini akiba ya nauli ya kliniki na itangulie, ili siku ya akika imkute mama ana nguvu, na mtoto ana afya.